Kikohozi cha Babu

Babu mzaa baba alikuwa na kikohozi cha kukera. Kila alipokaribia uani alikohoa, na mama aliacha kakao yenye harufu ya kuchacha aliyokuwa akianika, akakimbilia migombani. Nilidhani anakichukia kikohozi kile kama mimi. Alasiri moja nikampelekea babu limau. Akalinyonya lote, uso umemkunjamana, akanishukuru, "Ndaga, mjukuu wangu," kisha akaondoka akikohoa vilevile.

Sikujua kwamba kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Babu alikuwa akikohoa ili kumpa mama nafasi ya kumpisha.

Juzi nilikuwa Makwale kwa mama, sasa mzee. Mpita njia akakohoa. Mama akaacha kakao, akajikongoja hadi migombani. Aliporudi alisema, "Babu yako tulishamzika, lakini miguu yangu haijapata habari."