Mafuta ya Mzee wa Duara

Kwenye duara letu, yaani shimo tulilochimba kwa zamu nje ya Katoro, hakuna aliyeshuka kabla mzee mmoja hajasali. Alitoka ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi tulipanga chini nyundo na moko, zile patasi za kupasulia mwamba, naye akazipaka mafuta moja moja, kisha akatuwekea mkono kichwani. Tangu aje, mwamba ulikuwa unatoa dhahabu. Waislamu kwa Wakristo, sote tulimwamini.

Mke wangu naye alitoka ng'ambo hiyohiyo, alivushwa mpaka akiwa mtoto. Siku moja alileta uji mapema akamkuta mzee akizipaka nyundo mafuta. Akaangusha sufuria.

"Ndiye," aliniambia nyumbani. "Alikuwa kamanda. Tulikuwa darini, namwona kwenye uwazi wa mbao. Alizipaka panga mafuta hivyo hivyo. Kisha watu wake wakawashukia kina kaka zangu."

Nilimfuata mzee. Nikamwamkia shikamoo, aibu gani hii! Nikamuuliza kuhusu panga zile, hakukana.

"Ilikuwa vita, mdogo wangu. Hatukutoka bila kumtanguliza Mungu."

"Wale mliowaua mlikuwa mnasali nao kanisa moja."

"Walikuwa wanaigiza tu," alisema. "Watu wale Mungu hawamjui." Miaka yote hiyo, na chuki ilikuwa bado mbichi mdomoni mwake.

Niliwaambia wenzangu. Walisikitika, wakatikisa vichwa, halafu mkubwa wa duara akasema, "Bhebhe, wewe, mwache mzee wa watu. Akiondoka, mwamba unafunga." Hakuna aliyebisha. Na mimi, Mungu anisamehe kama bado ananisikiliza, niliona ana hoja.

Mke wangu alitaka tuondoke siku hiyohiyo, tuende Kahama kwa shangazi yake. Nilimwomba asubiri kidogo, mpaka tugawane mawe. Wiki mbili tu.

Hakupiga kelele.

"Baba alikimbilia kwa jirani kuomba atufiche," alisema. "Jirani huyo alikuwa mtu mwema kama wewe. Naye alimwambia asubiri kidogo."

Akambeba mtoto wetu, akapanda basi. Nilibaki. Mawe yalitoa dhahabu nzuri kuliko tulivyotarajia, nikajenga Katoro nyumba ya vyumba vinne. Sijui nilidhani nani atalala humo.