Sala Iliyopita Kinywani Mwangu

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, jirani yetu hapa mtaani Aston, ughaibuni, alikuwa mjane wa Kigiriki, mzaliwa wa kijiji cha milimani. Nilikuwa nikijisomea juu ya mila za uponyaji, kwa hiyo nilimuuliza mengi.

Kijijini kwao mwanamke hakukaa kwenye mkahawa wa wanaume, wala hakutia neno katika mambo ya kijiji. Lakini mwanamume aliyepatwa na jicho la husuda alikwenda jikoni kwa mama huyu, akavua kofia, akainamisha kichwa. Yeye alidondosha mafuta ya zeituni katika bakuli la maji na kuomba kwa kunong'ona.

Sala hiyo ilikuwa na sharti: mwanamke humfundisha mwanamume, mwanamume humfundisha mwanamke. Mwanamke akimpa mwanamke, nguvu yake hupotea. Binti yake aliitaka sana. Mwanawe wa kiume aliikataa, akisema ni mambo ya vikongwe. Siku moja mama aliniita kwake; kesho yake alikuwa anakwenda kupasuliwa moyo.

"Basi utaipokea wewe, mwanamume," aliniambia. "Unasali?"

"Nasali, mama. Ila mimi ni Mlutheri."

"Mungu atakusamehe. Funga mlango."

Binti alibaki koridoni. Nilichokuwa nakisoma vitabuni sasa kilikuwa kinatiwa kinywani mwangu. Nilimfuata mama neno kwa neno, kwa Kigiriki.

"Unayatafuna! Tena!" alinikemea, akinigonga vidole kwa kijiko.

"Kaka, nitazeekea huku!" binti akapiga kelele nje.

Nilipoisema yote bila kukosea, mama alitoka, binti akaingia. Nikamfundisha. Aliishika upesi kuliko mimi, akacheka matamshi yangu. Kisha akamwita mama, akamketisha, akadondosha mafuta. Midomo ikawa inacheza. Mama hakutazama bakuli. Alimtazama binti usoni.

Ghafla binti akapiga miayo. Akapiga tena, machozi yakimtiririka. Kwao, jicho likimtoka mgonjwa, ni mwombaji anayepiga miayo.

"Imeshika!" Mama alipiga meza kwa kiganja. "Imeshika!"

Nikajikuta nimesimama, napiga makofi peke yangu.

"Na wewe," akanigeukia, "usithubutu kumfundisha mwanamume."

Halafu akamwagiza binti alete begi, wapange nguo za hospitali.