Mama Futi Ashika Usukani

Kwa miaka ishirini na sita, kazi ya Mama Futi ilikuwa kupima ajali. Hakuwa askari. Alikuwa karani wa ofisi ya usalama barabarani, na magari yakigongana alipandishwa kwenye gari la askari na begi lake la turubai. Ndani mlikuwa na futikamba ya mita hamsini, chaki, penseli mbili na ubao mdogo wa kuandikia. Askari walihoji watu, yeye akapima. Kutoka nguzo hadi tairi la mbele, mita ngapi. Alama za breki kwenye lami, mita ngapi. Kiatu kilichoruka, mita ngapi. Kisha alirudi ofisini, akakaa kwenye dawati lake karibu na dirisha lisilofunguka, akachora kwa rula jinsi mambo yalivyokwenda.

Jina la Futi alipewa na watoto wa mtaani kwake, naye akalipokea kwa moyo mmoja. Hata mumewe, fundi cherehani ambaye naye futi haimtoki shingoni, humwita hivyo akitaka kumchokoza.

Alipostaafu alidhani atapumzika. Mwezi wa pili haujaisha alikuwa amekwisha kupanga upya makabati yote ya jikoni na kuanza kuyatupia macho ya jirani. Ndipo mwenye shule ya udereva alipomfuata nyumbani. Mwalimu wake wa darasani alikuwa amehama, na vijana walikuwa wanakariri alama za barabarani kama kasuku, wanafaulu, wanapewa leseni.

"Baada ya hapo unawajua wewe kuliko mimi," alimwambia.

Mama Futi aliwajua. Wengi alikuwa amewapima.

Mimi nilikuwa katika darasa lake la kwanza. Tulikuwa kumi na wawili, kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya matairi na ambacho bado kilinuka mpira. Siku ya kwanza aliingia, akatusalimu, akaandika ubaoni BAHATI MBAYA kwa herufi kubwa, halafu akayakata maneno yale kwa mstari mmoja.

"Haya humu ndani ni marufuku," alisema. "Nimejaza fomu za ajali tangu wengine wenu hamjazaliwa. Pale penye sababu, watu waliniambia bahati mbaya. Ambao hawakusema bahati mbaya walisema breki zilifeli. Fundi akienda kuzikagua, breki zina afya kuliko mimi. Atakayeyatamka atafuta ubao wiki nzima."

Hakutufundisha kwa kutisha. Hakuwahi kutuonyesha picha hata moja ya damu. Alitutoa uani, akavuta futikamba yake, akachora mstari wa chaki mita ishirini na nane kutoka tulipokuwa.

"Mtoto ametokea pale, amefuata mpira wake. Dereva wa kwanza anakwenda hamsini kwa saa. Ameona, ameshtuka, mguu umefika kwenye breki, gari limesimama mbele ya mtoto. Wa pili anakwenda sitini. Ameona wakati uleule, amekanyaga breki kwa nguvu ileile. Akifika pale kwa mtoto, gari lake linakwenda kasi gani?"

Mmoja alisema tano, mwingine kumi.

"Arobaini," alisema Mama Futi, akaanza kukunja futikamba.

Siku nyingine alitufumbisha macho na kututembeza mita thelathini na tatu, kwa sababu huo ndio mwendo wa gari la sitini kwa sekunde mbili za kusoma ujumbe wa simu. Wawili walijigonga ukutani. Mmoja aliangukia baiskeli ya mlinzi, na mlinzi akasema anataka naye kuandikiwa ripoti.

Aliyekuwa mgumu ni kijana tuliyemwita Kinyozi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na alishajua kuendesha. Pikapu ya mjomba wake alikuwa akiichukua kila mwisho wa wiki, na leseni alikuja kuitafuta ili tu trafiki wasimsumbue. Kila kitu kwake kilikuwa "najua, najua." Siku moja alinyoosha mkono kwa adabu zote.

"Samahani, mama. Wewe mwenyewe unaendesha gari gani?"

"Siendeshi."

"Yaani leo hukuja nalo?"

"Yaani sijui kuendesha. Leseni sina, na sijawahi kuwa nayo."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Kinyozi alingoja kitulie, kisha akasema, "Wateja wangu wakiniona nimetoka nyumbani nywele zimesimama kama niliyepigwa shoti, hawakai kwenye kiti changu."

Mama Futi hakukasirika. "Una haki ya kuuliza, mwanangu," alisema. Lakini kipindi kile kiliisha dakika ishirini kabla ya wakati, na alipotoka alisahau chaki zake mezani.

Yaliyotokea nyumbani kwake nilisimuliwa baadaye na mumewe, ambaye mdomo wake hauna kufuli, nilipokwenda kushonewa sare ya kazini. Mama Futi aliketi kwenye kiti cha wateja, miongoni mwa suruali zilizosubiri pindo, akamwambia jambo ambalo mumewe alikuwa akilijua nusu tu. Katika mwaka wake wa nne kazini alipima ajali iliyomuua binti wa miaka kumi na tisa. Leseni ya yule binti ilikuwa na siku kumi na moja. Hakuwa mlevi, wala mkorofi. Alikuwa na wenzake watatu garini, wanaimba, akageuka nyuma kucheka nao. Wiki iliyofuata mama yake alikuja ofisini akaomba kuuona mchoro. Aliuangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye alama ya msalaba, akauliza, "Ni hapa?" Mama Futi akajibu, "Ndiyo, dada, ni hapo." Yule mama akakitoa kidole, akashukuru, akaondoka.

"Tangu hapo kila nikikaa nyuma ya usukani naiona ile karatasi," alimwambia mumewe. "Sioni barabara."

Mumewe alisimamisha pasi. "Na hawa watoto wa watu unawaambiaje? Wasiogope?"

"Siwaambii wasiogope. Nawaambia wajue wanaogopa nini."

"Basi wewe unajua kuliko wote. Nenda kajifunze na hofu yako hivyohivyo. Macho unayo, miguu unayo, na mdomo wa kubishana na mwalimu unao."

Jumatatu alijiandikisha. Mwalimu wa barabarani alikuwa mzee mkimya tuliyemwita Taratibu, maana hilo ndilo neno pekee alilolitumia kila siku. Kwa kawaida gari moja lilibeba wanafunzi watatu, mmoja kwenye usukani na wawili nyuma wakisubiri zamu. Mama Futi aliwekwa na mimi na Kinyozi.

Wiki ya kwanza hatukutoka uani. Gari liliruka kama chura, likazimika, likaruka tena. Wenzetu walijipanga ukutani kutazama kana kwamba kuna mpira. Kinyozi alipiga makofi kila lilipozimika. Mama Futi alishuka amelowa mgongo mzima, akamwambia, "Asante kwa kunishangilia," na kesho yake akarudi. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anabadilisha gia bila kuitazama, na Taratibu akamruhusu kuingia mtaani.

Siku ya tukio ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua liko usoni. Tulikuwa kwenye mtaa wa maduka, mwendo wa thelathini. Mbele kulikuwa na kona. Kinyozi akasogea mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, ile kona. Ungekuwa unaichora, ungeanzia wapi?"

Mama Futi alifurahi, nilimwona kwenye kioo. Alikuwa ameulizwa jambo la fani yake. Akainua mkono mmoja kuonyesha, akageuza kichwa kidogo. "Ningeanzia pale kwenye nguzo, halafu…"

Gari lilipanda ukingo wa barabara na kuingia kwenye ndoo za rangi zilizopangwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi. Taratibu alikanyaga breki yake ya upande wa mwalimu, tukasimama. Ndoo tatu zilibingirika hadi katikati ya barabara. Moja ilifunguka, na boneti yetu ikawa nyeupe. Hakuna aliyeumia. Kisha tukamsikia Mama Futi akisema kwa sauti nyembamba:

"Jamani, bahati mbaya!"

Mimi nilicheka, kwa woga tu. Kinyozi hakucheka. Mama Futi alikuwa bado ameshika usukani, macho yameganda kwenye boneti nyeupe. Kinyozi alishuka, akamfungulia mlango, akachuchumaa.

"Mama, uko sawa? Nipe mkono."

Alitazama barabara, akatazama duka, akamtazama mwenye duka aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kichwa. Kisha akasema, "Nipe begi langu."

Alipima palepale. Kinyozi alishika ncha ya pili ya futikamba. Tulimuuliza mwenye duka, tukamuuliza Taratibu, tukakubaliana gari lilikuwa wapi alipoinua mkono. Kutoka hapo hadi ndoo ya kwanza, mita tisa.

"Sekunde moja," alisema Mama Futi. "Sekunde moja na ushee."

Kesho yake alifuta ubao yeye mwenyewe, akachora mtaa ule, duka, ndoo, nguzo na gari letu. Akageuka. "Sababu?"

Tulianza kwa kusitasita. Mwalimu aligeuza kichwa. Mwalimu aliachia mkono mmoja. Jua lilikuwa usoni na hatukushusha kile kikinga jua. Ndoo zilipangwa karibu mno na barabara. Taratibu, aliyeitwa kutoa maelezo, alikiri kwamba alikuwa anaangalia saa yake. Mama Futi aliandika yote bila kujitetea. Kisha Kinyozi akasimama.

"Niandike na mimi."

"Wewe hukuwa dereva."

"Nilijua swali lile utalipenda. Nilitaka nione kama utageuka." Alikuna kidevu. "Nilitaka tupate cha kucheka."

Kisha akaendelea kama mtu aliyeona mlango umefunguka, akaona bora atoke. Mwisho wa wiki huwabeba marafiki watano nyuma ya pikapu ya mjomba. Hugonga paa wakipiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" naye huongeza. Wiki mbili nyuma alilipita lori kwenye mlima, basi la abiria likatokea mbele. Alirudi upande wake lakini hajui alirudije.

"Niliwaambia ule ndio ujuzi," alisema. "Sikuwaambia kwamba nilikuwa nimefumba macho."

"Na wao, walipoliona basi?" aliuliza Mama Futi.

"Walishangilia."

Nilidhani atamkaripia. Aliketi kwenye benchi letu, upande wetu wa wanafunzi, akautazama ubao kana kwamba umechorwa na mtu mwingine. "Nimekuwa nikifundisha nusu ya gari," alisema mwishowe. "Namfundisha aliyeshika usukani, na hawa wengine nawaacha nje."

Siku hiyohiyo alimwendea mwenye shule. Alitaka darasa la Jumamosi asubuhi kwa ajili ya wanaobebwa, marafiki na ndugu wa wanafunzi. Mwenye shule alimkodolea macho. "Mama, abiria hawatahiniwi."

"Lakini wanazikwa," alisema Mama Futi.

Ufunguo wa stoo akapewa.

Kinyozi alirudisha pikapu kwa mjomba wake hadi atakapopata leseni, na marafiki zake wakaanza kumwamkia shikamoo wakikutana njiani. Mtihani alifaulu mara ya kwanza. Mama Futi mara ya kwanza aliangushwa kwa kusimama kwenye taa ya kijani ili ahakikishe. Mara ya pili aliangushwa kwa kumrekebisha mtahini. Ya tatu alipita, mumewe akamshonea kifuko cha ngozi cha kuwekea leseni. Siku hizi anaendesha gari la binti yao, mikono miwili kwenye usukani, mumewe pembeni amekatazwa kuongea kwenye makutano ya barabara. Mzee anasema katika ndoa yao hajawahi kunyamaza namna hiyo.

Nilikuwapo Jumamosi ya kwanza ya abiria, nikisaidia kupanga viti. Kinyozi alikuja na wale watano wake, akiwa amewaambia kwamba asiyekaa darasani hapandi gari analoliendesha yeye. Walikaa nyuma wamekunja mikono. Mama Futi aliwauliza nani hugonga paa, na wote wakamwonyesha mmoja, fundi rangi mwenye kofia. Yule bwana alicheka, akavua kofia, kisha akauliza jambo ambalo nadhani wote tulikuwa nalo moyoni.

"Sasa mama, dereva ni rafiki yako na anakimbia. Utamwambiaje asikuone mwoga?"

"Sijui," alisema Mama Futi. "Sijawahi kuwa kijana nyuma ya pikapu. Hebu tutafute pamoja."

Tulitafuta asubuhi nzima. Sentensi nyingine zilikuwa ndefu mno, nyingine zilisikika kama za mwalimu mkuu. Mwisho fundi rangi ndiye aliyeipata: "Punguza bwana, mimi nataka kufika." Walifanyia mazoezi wawili wawili kwenye viti, mmoja akijifanya dereva, na mwanzoni walikufa kwa kicheko. Mara ya nne au ya tano walikuwa wanaisema vizuri.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuitumia mara tatu. Moja ilikuwa kwa kaka yangu, ambaye alinuna mpaka tulipofika.