Baraza la Mwanaarusi

Baraza la nyumba ya Godhana, pale Garsen, lilikuwa jembamba hata mgeni wa pili alikalia tako moja, na wa tatu akaning'inia kama popo. Mwanaarusi, mkewe, alilalamika miaka kumi na mmoja. Na miaka yote hiyo Godhana alikuwa na jibu moja: "Kesho." Kesho hiyo ikaja, ikapita, ikazaa, ikapata wajukuu.

Basi mwaka ule wa hamsini na sita ikaja habari kutoka Ndera. Wageni saba watafika Jumamosi kumposa Tuneya, binti yao wa pekee. Mbele yao yuko mama wa kijana, mwanamke mnene mwenye kiburi chake, aliyekwisha kukataa nyumba mbili kwa sababu hakupewa pa kukaa pa maana.

"Baba Tuneya, mwanangu atakosa mume kwa ajili ya kibaraza chako hiki!"

"Tutalipanua tu, mke wangu. Kesho..."

"Kesho umezimaliza wewe. Nitalipanua mwenyewe!"

Akajifunga leso kiunoni. Akalaza magogo ya mkoma pembeni, akachimba udongo mweusi ukingoni mwa mto, akaenda kuomba mavi ya ng'ombe kwa Waorma, akaenda tena, akaenda tena, mpaka ng'ombe wakawa wakimwona wanakimbia. Jumatano alipokuwa akiteka maji, Buya mvushaji, mdogo wake Godhana, akamwita kutoka mtumbwini:

"Shemeji! Baraza lini?"

"Alhamisi asubuhi! Na wewe ukichelewa utakaa chini!"

Ulikuwa utani wa shemeji na shemeji. Lakini Buya kinywa chake hakikuwa na mlango. Kila aliyemvusha siku ile alimwambia: "Baraza Alhamisi asubuhi, kwa Godhana. Atakayechelewa atakaa chini." Na siku hizo mtu akisikia baraza, alijua ni la chifu, na asiyehudhuria alikiona cha moto. Hakuuliza mtu.

Alhamisi Mwanaarusi akafungua mlango ili aanze kupigilia udongo wake, ungali laini kama uji wa mgonjwa. Lo! Watu mia wamejaa uani, na waliowahi wameukalia.

"Ondokeni! Udongo mbichi huo!"

"Tulia, mama," akasema mzee mmoja. "Chifu hajafika bado."

"Chifu gani?"

"Wa baraza."

"Baraza gani?"

"Si hili hapa?" akasema Buya kutoka pembeni, akalipiga kofi, nao udongo ukamrukia usoni.

Mwanaarusi akapiga ukelele, viboko wakazama mpaka Idsowe. Godhana akatoka na mswaki mdomoni.

"Mke wangu, usijitese. Waambie warudi kesho."

Neno lile ndilo lililomtoa akilini. Akanyakua gogo lake la kupigilia, akasimama njiani.

"Hatoki mtu! Mlikuja baraza, baraza ndilo hili. Kanyageni!"

Waliokuwa wakimwogopa chifu wakaona hapa ni pabaya zaidi. Wakakanyaga. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, vumbi la Garsen likaonekana Bangale. Kufika adhuhuri udongo ulikuwa mgumu, kiboko angepanda usibonyee.

Ila Buya. Yeye alikuwa amekaa, akanasa pale pembeni muda wote, na walipomng'oa aliacha mashimo mawili ya duara, kama mabakuli. Mwanaarusi akamwaga maji, akaparura, akapiga kwa gogo. Wapi! Miguu ya watu mia si mchezo. Akakaa chini akalia kwa hasira.

Jumamosi wageni wakafika. Mama wa kijana akalitazama baraza kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaipita mikeka yote mipya, akaenda moja kwa moja pembeni. Yule mama akajishusha polepole, akaingia kama yai kiotani.

"Aa! Nani aliyepima hapa?"

Mwanaarusi akamtazama Buya. Buya akautazama mto.

"Shemeji yangu, mama. Alijitolea."

"Basi mimi siondoki hapa mpaka mnijibu posa yangu."

Macho yote yakamgeukia Godhana. Akakohoa.

"Tumesikia, tumefurahi. Jibu tutawapa ke..."

"Maliza neno hilo," Mwanaarusi akamnong'oneza, huku akiwachekea wageni, "nikupigilie."

Posa ikajibiwa papo hapo.