Nafasi ya Randa

Fundi wa Jumamosi, kama majirani walivyozoea kumwita, huuongelesha ubao kabla ya kuukata. "Tulia mzee, haiumi," huuambia, huku akitafuta penseli iliyokaa sikioni mwake. Kabati la vifaa lilikuwa limemchukua wiki saba katika kibanda cha nyuma ya nyumba, na sasa alikuwa amefikia ubao wake wa ndani: analaza kifaa, anakizungushia penseli, anapuliza vumbi, analaza kingine. "Baba, ndio unavipimia suti?" mkewe alimtania kutoka mlangoni. "Kila mmoja na nafasi yake, mama," alijibu bila kuinua uso.

Jirani wa nyumba ya pili, aliyepita kusalimia tu, alicheka mpaka alipoona kwamba kati ya nyundo na patasi limeachwa pengo pana. Alilijua pengo lile. Randa ya fundi, ile ya kulainishia mbao, ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake yeye jirani mwaka wa nne sasa, tangu alipoiazima "dakika mbili tu" arekebishe mlango, na mbele ya mtaa mzima alishaapa kwamba aliirudisha siku ileile. "Jirani, hebu nisaidie," fundi alisema kwa upole, akimpa penseli. "Nimesahau mpini wa randa ulivyokaa." Kusema naye amesahau kungetosha kabisa. Lakini mkono ulishaanza, na ukaichora randa nzima bila kusita, mpini pamoja na ufa wake. Fundi aliinama akautazama mchoro. "Huo ufa," alisema, "haukuwepo."