Mguu wa Kuku Chini ya Mlango

Mume wangu alikuwa fundi wa milango, na mtaa mzima ulimwita Mguu wa Kuku. Asiyejua alidhani ni kwa sababu ya miguu yake, na kweli ilikuwa myembamba, Mungu anisamehe. Lakini jina lilitoka kwenye alama. Kila mlango alioumaliza aliuchoma alama ya vidole vitatu vya kuku, chini kabisa, kwenye unene wa ubao unaotazama sakafu, mahali asipotazama mtu ila fundi mwenzake. Chuma cha kuchomea alikitengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli yake ya ujanani. Nikimuuliza alama anamwekea nani huko chini, ananijibu, "Mlango bila alama ni mtoto asiye na baba, bibie."

Sisi hatukujaliwa mtoto. Neno lile lilikuwa likinichoma kila mara, ila sikumwonyesha.

Mwaka ule kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Miaka thelathini ya kuvuta vumbi la mbao si mchezo. Akipiga randa mara kumi anakaa, anakohoa, anajifanya anatafuta penseli. Ndipo shirika la nyumba likabandika tangazo: linajenga nyumba za kupangisha, linataka milango mia mbili na arobaini, na mafundi wadogo wanaruhusiwa kuomba zabuni mradi wasajiliwe. Fundi alirudi na habari hiyo mbio mbio, hata kofia kaisahau huko.

"Nataka kazi hii moja," akaniambia. "Moja tu. Milango yangu mia mbili na arobaini, watu wawe wanafungua na kufunga mimi nikiwa sipo. Baada ya hapo nipumzike."

Nikamwambia asinichurie, aende akanawe mikono tule.

Shule aliiachia njiani, mwenye miwani nyumbani ni mimi. Kwa hiyo karatasi zote zilikuwa zangu. Jirani yetu, yule fundi wa kuchomelea mageti, alituona tunatoka na mafaili kwapani akacheka mpaka akashika kiuno. "Mkono mtupu haulambwi! Nyinyi mnapeleka fomu, wenzenu wanapeleka bahasha nene."

"Wewe choma mageti yako," nikamwambia. "Yapo yanayongoja, yanapata kutu."

Kusema kweli hata mimi niliogopa. Lakini afisa ununuzi wa shirika alikuwa binti wa umri ambao wangu angekuwa nao, na alitupokea kwa shikamoo mbili, moja ya mzee na moja yangu. Akatueleza pole pole. Leseni ya biashara kwanza, halafu cheti cha kodi, halafu barua ya benki, ndipo jina linaingia kwenye orodha ya wazabuni. Bei tuandike wenyewe, tufunge bahasha kwa gundi, tuitumbukize kwenye sanduku kabla ya saa kumi. "Saa kumi na dakika moja sanduku limefungwa, hata ungekuwa mjomba wangu," akasema, na fundi akacheka.

Halafu akafika kwenye sampuli. Kila mwombaji alete mlango mmoja. Ukifika mapokezi unapewa namba tu, na wakaguzi hawajui ni wa nani. "Mlango ukiwa na alama yoyote, mzee, hata jina dogo, hata mchoro, tunautoa nje. Ndiyo njia ya asiye na mtu kupata haki yake. Mama, umenielewa?"

Nilimwelewa. Niliandika kwenye daftari na nikapiga mstari mara mbili chini yake, kwa mkono wangu huu huu.

Mlango ule aliutengeneza wiki tatu. Sijawahi kumwona akibembeleza ubao namna ile. Asubuhi ya kuupeleka ulikuwa umeegemea ukuta wa karakana, laini, fremu yake imekaa sawa, na yeye amesimama mbele yake ameshika kile chuma kikiwa baridi.

"Huyu anaondoka bila jina," akasema. Akakitundika chuma msumarini, akatoka kwenda kumwita mwenye mkokoteni.

Mgongo wake ndio ulioniponza. Nilimwona anavyotembea, mabega yameanguka, nikaingiwa na huruma ya kijinga. Nikajiambia: nani huyo mwenye mshahara wake atakayelala sakafuni kuchungulia chini ya mlango? Nikakiingiza chuma kwenye makaa ya jiko langu la chai. Sikusubiri kikolee. Nikabandika, nikaona alama imefifia, nikabandika tena. Nikapuliza moshi, nikapaka vumbi la mbao juu yake. Nilipanga siku ya kushinda nimwambie, "Mwanao ana jina, baba," tucheke wote.

Basi ukaenda. Ukapewa namba kumi na saba.

Wiki mbili baadaye tukaitwa. Shirika lile lina utaratibu, aliyekosa ana haki ya kuelezwa kwa nini amekosa. Yule binti akatupeleka ghalani, milango imepangwa kama wagonjwa kwenye foleni. Akasimama mbele ya wetu.

"Mzee, mlango huu tuliupiga kwa gunia la mchanga mara mia. Haukulegea hata bawaba. Ulikuwa wa kwanza kati ya milango thelathini na mmoja."

Fundi akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

"Lakini tulipoulaza kupima unene..." Akamwashiria mlinzi, wakaulaza. Mimi nikageuka kutazama dirisha. "Mzee, si nilisema lakini? Kanuni siwezi kuipinda. Ningeipindisha kwako, ningeipindisha kwa kila mtu."

Nikasikia magoti yake yakigusa sakafu. Akakohoa. Nikageuka nikamtazama: alikuwa anapapasa ile alama kwa kidole gumba, huku na huku.

"Ni mimi," akasema. "Mkono umezoea, binti yangu. Miaka thelathini. Hata sikujua nilipofanya."

Mtaani mdomo wangu unaogopwa. Siku ile uliganda. Nikajiambia nitamwambia tukitoka nje. Nje nikajiambia nyumbani. Nyumbani alikuwa anakohoa, nikapika chai, nikasema kesho.

Jioni jirani akaja na pole yake. "Si niliwaambia? Wameshakula hao, na huyo binti wao ndiye mkubwa wao." Nami, jamani, nikasonya pamoja naye. Nilimwacha amtukane msichana wa watu aliyetutendea haki.

Kesho hiyo ilichukua miezi saba. Fundi hakuomba tena kazi kubwa. Alitengeneza vigoda, halafu vigoda navyo vikamshinda. Wiki ya mwisho, alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, nilimshika mkono nikamwambia, "Kuhusu ule mlango, usijilaumu." Mimi ndiye niliyethubutu kusema hivyo!

Akanitazama. Akasema, "Na wewe pia usijilaumu, bibie." Nikadhani anasema habari ya watoto. Nililia, nikamshukuru, nikanyamaza tena. Siku nne baadaye nikamzika.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sikupata hata mwana, lakini mjukuu huyo nimempata.

Shirika likapiga simu, nikachukue sampuli yangu. Mwenye mkokoteni akauleta, na jirani, ambaye siku hizi ananionea huruma mpaka ananichosha, akajitolea kuufunga mahali pa mlango wetu wa zamani. Akaulaza sakafuni apime bawaba. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu mchana kweupe. Kuku wa mume wangu ana vidole vitatu, vimezama, vinatazama juu. Wangu alikuwa na sita, vimepandana, vimefifia, vinatazama chini.

Jirani akainama. "Hii si alama ya fundi," akasema. "Nani kachoma hovyo namna hii?"

Mchomelea mageti kaijua kwa kutupa jicho. Na mwenye alama yake aliipapasa kwa kidole gumba, amepiga magoti, mbele ya watu, akasema ni mimi.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Miezi saba tumelala kitanda kimoja, ananificha ninachomficha.

"Nani?" jirani akauliza tena.

"Mimi," nikamwambia.