Mlio wa Dume wa Ngaramtoni

Miaka ile kazi yangu ilikuwa kuwawekea watu vitu kwenye simu. Nilikuwa na meza na kompyuta pale Ngaramtoni, na siku za soko watu walinizunguka: huyu anataka kwaya, yule vichekesho, mwingine picha ya Mlima Meru ikae kwenye kioo cha simu, ingawa mlima wenyewe anauona kila akifungua mlango. Picha nyingi nilizichora mwenyewe, na nilizionea fahari kupita kiasi.

Siku moja akaja mzee mfugaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nataka nikipigiwa simu, alie ng'ombe wangu, yule dume."

Nilikuwa na milio ya ng'ombe, nikamsikilizisha mitatu. Akatikisa kichwa. "Hao siwajui."

Ikabidi niende bomani kwake. Dume alikuwa mwekundu, mkubwa, mzuri hasa. Nikampiga picha. Kazi ikawa kumfanya alie. Nilimnyooshea simu mpaka mkono ukafa ganzi, yeye anacheua tu na kunitazama kama mgeni asiye na adabu. Mzee akaona haya. Akamsogelea, akavuta pumzi, akalia yeye: mlio mzito, mrefu, unaotetemeka mwishoni. Dume akatikisa sikio moja, akaendelea kucheua.

Niliporudi mezani nikakuta nimenasa sauti mbili tu: ya mzee, na ya kuku aliyepita. Kuku nikamfuta. Mzee nikamwacha.

Siku ya soko akaja na mkewe. Nikamrushia mzee picha na mlio, kisha nikampigia. Dume akatokea kwenye kioo, nyuma yake jua nililomchorea mimi, na sauti ikanguruma hadi wauza maharage wakageuka.

"Huyo ndiye!" mzee akasema. "Nilijua tu atalia."

Mkewe akacheka mpaka akashika meza. "Dume gani? Huyo ni wewe! Miaka yote hii nisiijue sauti yako?"

Mzee akanigeukia. "Ni kweli, binti?"

Nilitamani kuingia chini ya meza. "Ni kweli, mzee. Dume alikataa kabisa. Nisamehe."

Nikaanza kutafuta namna ya kuufuta ule mlio, lakini akanizuia mkono.

"Piga tena."

Nikapiga. Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Kumbe nalia vizuri kuliko yeye," akasema. "Uache hapo hapo."

Mama akatoa simu yake kwenye mkoba, bado anajifuta machozi ya kicheko. "Na mimi niwekee mlio huo. Lakini ulie akipiga yeye tu."

Nikamwekea. Baadaye jirani yao aliniambia kwamba mumewe akimpigia, mama yule hapokei haraka. Huuacha mlio umalizike kwanza.